Shule ya Chumba Kimoja: Niliyowaambia Wazazi Wenzangu Hapa Lincoln

Shikamooni wazee wangu, na nyie ndugu zangu wengine hamjambo. Haya ni yale niliyoongea Jumamosi pale ukumbini, nimeyaandika kwa sababu wengi walikuwa zamu kiwandani hawakuweza kufika na wamenipigia simu mpaka nimekubali, kwahiyo nimeyaacha yaende kama yalivyotoka mdomoni.

Wengi mnanijua, nilifundisha shule ya msingi kule Kigoma miaka kumi na moja kabla sijaja huku jimbo la Nebraska, Marekani, na hapa mjini Lincoln nasaidia darasani. Mwezi uliopita dada mmoja ninayemheshimu sana aliniambia, mwalimu, ile mikutano ya wazazi mi siendi, ile ni shule yao, Kiingereza chenyewe cha kubahatisha, nikaongee nini? Siku ile sikumjibu. Nilirudi nyumbani na hilo neno, shule yao, likaninyima raha wiki nzima, nikaanza kusoma na kuulizia hizi shule za hapa zilianzaje, nani alizijenga, hela ilitoka wapi, na mwisho nikafunga safari mpaka mji wa Beatrice nikaione moja kwa macho yangu.

Tuanze na ardhi maana kila kitu kilianzia hapo. Tarehe 20 Mei 1862, nchi ikiwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, rais Abraham Lincoln, huyu huyu ambaye mji wetu una jina lake, alisaini sheria ya kugawa mashamba. Mtu yeyote aliyefika miaka 21 au aliye kichwa cha familia, na ambaye hajawahi kushika silaha dhidi ya serikali, angeweza kuandikisha eka 160, yaani kama hekta 65 hivi, akalipa ada ambazo zote kwa jumla zilikuwa dola 18, akaishi pale miaka mitano, akajenga, akalima, alafu anapewa hati. Mgeni kutoka nje alikubaliwa ilimradi ameshatangaza rasmi kwamba anataka uraia. Mjane alikubaliwa, binti asiye na mume alikubaliwa, na baada ya utumwa kufutwa watu weusi nao waliandikisha. Sheria ilianza kazi tarehe 1 Januari 1863 na mmoja wa watu wa kwanza kabisa kuandikisha siku ile ni bwana Daniel Freeman, aliandikisha kwenye ofisi ya ardhi ya Brownville hapa hapa Nebraska, na shamba lake nje kidogo ya Beatrice leo ni hifadhi ya taifa.

Ila kuna jambo siwezi kuliruka, ile ardhi haikuwa tupu. Pale Beatrice kando ya mto Big Blue ni nchi ya Waoto na Wamissouria, makabila ya asili ya hapa, walisainishwa mkataba mwaka 1854, wakabanwa kwenye eneo dogo mpakani na jimbo la Kansas, na hata hapo hawakuachwa, mwaka 1881 wakahamishiwa eneo ambalo leo linaitwa Oklahoma. Sisi wengi humu ndani tunajua kuhama kijiji umeacha makaburi ya wazee wako nyuma, kwahiyo nikisimulia ujasiri wa walowezi, na walikuwa jasiri kweli, naomba hili mlishike pia, eka 160 za bure zilikuwa za bure kwa anayepewa tu.

Sasa hao waliofika waliikuta nchi ya nyasi mpaka upeo wa macho, miti michache tu kando ya mito, mbao hakuna na hela ya kununua mbao hakuna. Basi walichimba ardhi yenyewe. Zile nyasi zina mizizi imeshikana kama mkeka, unapita na plau maalum inakata utepe mrefu, unaukata kwa sepetu vipande vipande, unapanga kama matofali huku nyasi zikiangalia chini, ukuta unatoka mnene futi mbili mpaka tatu. Kiangazi ndani kuna ubaridi, msimu wa theluji kuna joto, ila mvua ikinyesha paa linavuja siku nzima na siku ya pili hata kama nje jua linawaka, na akina mama walitundika shuka darini maana udongo, panya na hata nyoka walikuwa wanadondoka juu ya meza. Kuni ndo hakuna kabisa, walipikia mavi makavu ya nyati na baadae ya ng'ombe, magunzi ya mahindi, hata nyasi zilizosokotwa. Mama yeyote humu aliyewahi kuhangaika na jiko kambini ataelewa bila maelezo marefu. Mwaka 1874 wakaja nzige, mawingu ya nzige, wakala mahindi, wakala vitunguu mpaka wakaacha mashimo ardhini, wakatafuna na mipini ya majembe. Wengi walishindwa wakaondoka. Maombi yaliyoandikishwa nchi nzima ni kama milioni 4, waliofika mpaka kupata hati ni kama milioni 1.6.

Na watu hawa, ambao paa linavuja na nzige wamekula shamba, ndo waliojenga shule.

Hapo ndo niliposimama kusoma nikaweka kitabu chini kidogo. Serikali iliwasaidia kwa kitu kimoja kikubwa. Tangu mwaka 1785 kulikuwa na sheria kwamba ardhi ipimwe kwa miraba, mraba mmoja mkubwa ni maili sita kwa sita, ndani yake unakatwa vipande 36 vya maili moja moja, na kipande namba 16 kiwekwe pembeni kwa ajili ya shule. Nebraska ilipewa namba 16 na namba 36 pia. Sio kwamba shule ilijengwa pale lazima, ardhi ile ilikodishwa au kuuzwa hela ikaingia mfuko wa shule, na mpaka leo jimbo letu bado lina ardhi hiyo, wakulima wanaikodi, watoto wenu wanaosoma shule za umma hapa wanafaidi hela yake. Lakini jengo, deski, jiko na mshahara wa mwalimu vilitoka kwa majirani wenyewe. Walikutana sebuleni kwa mtu, wakaunda kieneo cha shule cha maili chache ambazo mtoto anaweza kutembea, wakachagua watu watatu wa bodi, wakajipigia kura wenyewe walipe kodi kiasi gani. Wengine walikuwa Wajerumani, Wacheki, Waswidi, Kiingereza chao kilikuwa cha kubahatisha hivyo hivyo kama dada yangu anavyosema, na wakakaa kwenye bodi. Kule Kansas tangu ilipokuwa jimbo mwaka 1861 wanawake walipiga kura kwenye mambo ya shule, wakati kura kamili walikuja kuipata 1912. Yaani mama alianza kuwa mpiga kura kwa sababu ya shule ya mwanae.

Ile niliyoenda kuiona inaitwa Freeman School, ni ya matofali ya kuchoma, ilijengwa 1872, ilifundisha mpaka 1967. Miaka tisini na tano. Chumba kimoja. Humo humo walipigia kura, wakafanya mikutano, kuna wakati na ibada. Nilikaa kwenye deski la nyuma nikawa naangalia ubao na jiko na mwanga unaingia madirishani, na mimi niliyefundisha darasa la watoto zaidi ya themanini nikajua kabisa mwalimu wa pale alikuwa anapitia nini, ila na yeye alikuwa na tatizo ambalo mimi sikuwa nalo, alikuwa na madarasa nane kwa wakati mmoja.

Ilikuwa hivi. Mwalimu anafika kabla ya wote, baridi kali, anawasha jiko, anafagia. Watoto wanaletwa na miguu, wengine na farasi mmoja wamepanda watatu. Ndoo ya maji mlangoni na kata moja wanachangia wote, choo kiko nje. Wadogo wanakaa mbele wakubwa nyuma, na karibu na jiko kunaiva, kule kona ya mbali kunagandisha. Mbele kuna benchi. Mwalimu anaita darasa la kwanza, watoto wawili au watatu wanakuja kukaa kwenye benchi, wanasoma kwa sauti, anawasikiliza dakika kumi, wanarudi kwenye vibao vyao vya kuandikia na chaki, anaita la pili, anaita la tatu, mpaka la nane, wanaanza tena na hesabu. Wakati huo wote waliobaki wanafanya kazi zao kimya, au wanajifanya wanafanya huku masikio yako kwenye benchi. Na hapo ndo penye utamu wenyewe, mtoto wa miaka saba anasikia jiografia ya darasa la sita kila siku mwaka mzima, akifika la sita nusu anaijua. Mkubwa akimaliza kazi yake anamshika mkono mdogo anamfundisha kusoma. Kwetu tulifanya hivyo kwa kukosa walimu tukaona aibu, lakini mi naamini kabisa mtoto anayemfundisha mwenzie anaelewa mara mbili, nimeliona kwa macho yangu Kigoma na naliona hapa.

Wavulana wakubwa walikuja msimu wa baridi tu, mavuno yakishaisha, maana baba hawezi kumwachia kijana wa miaka kumi na tano aende shule wakati mahindi yako shambani. Mwisho wa darasa la nane kuna mtihani wa kaunti, yaani kama wilaya kwetu, na kwa wengi hapo ndo mwisho wa elimu.

Mwalimu mwenyewe mara nyingi ni binti, miaka kumi na saba, kumi na nane, amefanya mtihani wa kaunti akapewa cheti. Sehemu nyingi alilala kwa zamu nyumbani kwa wazazi, wiki hizi kwa huyu, wiki zile kwa yule, kitanda kimoja na watoto anaowafundisha. Na akiolewa sehemu nyingi kazi inaishia hapo. Mshahara mdogo. Bado wakaja, na wengine waliandikisha na shamba lao wenyewe wakawa wanafundisha na kulima.

Niwaambie habari ya tarehe 12 Januari 1888. Siku ile asubuhi ilikuwa na joto la ajabu baada ya baridi ya muda mrefu, watu wametoka nje, watoto wengine wameenda shule bila makoti mazito. Mchana, hapa Nebraska wakati shule zinakaribia kutoka, ikaja dhoruba ya theluji kama ukuta, theluji laini kama unga, huoni mkono wako mwenyewe, na baridi ikashuka ghafla. Zaidi ya watu 200 walikufa, wakiwemo watoto wengi waliokuwa njiani kutoka shule. Kule karibu na Ord mwalimu Minnie Freeman, binti mdogo tu, alikuwa na watoto kumi na kadhaa kwenye shule ya ukuta wa udongo, upepo ukang'oa mlango, alafu ukang'oa paa, akawatoa wote akawaongoza kwenye theluji mpaka nyumba ya jirani na hakupoteza hata mmoja. Mkienda jengo la bunge la jimbo hapa mjini, lile lenye mnara, mtaona mchoro mkubwa wa vijiwe ukutani wa dhoruba ile, mimi nilipita mbele yake mara ngapi bila kujua ni nini.

Lakini kuna mwalimu mwingine, Lois Royce, kule Plainview. Alikuwa na watoto watatu tu siku ile, vya kuwasha jiko vikaisha, nyumba aliyokuwa analala ilikuwa karibu sana, akaona bora awapeleke. Wakapotea. Aliwakumbatia usiku kucha kwenye nyasi, mmoja baada ya mwingine wakamfia mikononi, yeye akatambaa asubuhi kutafuta msaada na miguu yake ikakatwa. Huyu hajachorwa ukutani kama mwenzie. Mi namfikiria yeye zaidi, kwa sababu alifanya kile kile ambacho mwalimu yeyote mwenye roho angefanya, jiko limezima, watoto wanatetemeka, nyumba iko pale.

Alafu kuna Nicodemus, na hii naomba vijana mliokaa nyuma msikilize. Mwaka 1877 watu weusi waliokuwa watumwa Kentucky walifunga safari mpaka Kansas wakaanzisha mji wao. Mama mmoja, Willianna Hickman, aliyefika msimu uliofuata alisimulia kwamba wenzake walishangilia wakisema Nicodemus ile pale, akaangalia akaangalia haoni kitu, mumewe akamwonyesha moshi unatoka ardhini, watu walikuwa wanaishi kwenye mashimo waliyochimba, na yule mama akaanza kulia. Msimu wa baridi wa kwanza walikuwa na njaa kali. Na kwenye hali hiyo Jenny Fletcher akawa mwalimu wao wa kwanza, na posta pia aliishika yeye. Fikiria baadhi ya majimbo ya kusini miaka michache tu kabla ya hapo kumfundisha mtumwa kusoma ilikuwa kosa la sheria, sasa hawa hawana hata ukuta, shule ipo. Mji ule leo umebaki na watu wachache sana lakini jengo la shule la mwaka 1918 bado limesimama.

Nirudi kwa mzee Daniel Freeman maana yeye ndo jibu langu kwa dada. Karibu miaka arobaini baada ya kuandikisha shamba, ameshazeeka, mwalimu wa ile Freeman School alikuwa anasoma Biblia na kusali na kuimba nyimbo za dini na watoto darasani. Freeman akasema hii ni shule ya umma, inalipwa na kodi ya watu wa imani zote, acheni. Bodi ikakataa. Akaenda mahakamani, akashindwa, akakata rufaa, na mwaka 1902 mahakama kuu ya Nebraska ikasema mzee ana haki. Wengine humu mtakubaliana nae wengine hapana, mimi ni mtu wa kanisa na hilo nililitafakari sana nikaona kwamba kama darasani mwangu kuna mtoto wa Kiislamu na wa Kikristo pamoja, na ndivyo ilivyo, mzee aliona mbali. Ila tazameni kwanza alichofanya, ni mzazi wa kijijini, mkulima, akaenda kuiuliza shule.

Na la lugha ndo linatuhusu zaidi. Baada ya vita vya kwanza vya dunia watu waliwachukia Wajerumani, na mwaka 1919 Nebraska ikapitisha sheria, ni marufuku kumfundisha mtoto lugha ya kigeni kabla hajamaliza darasa la nane. Mei 1920, kule Hampton, mwendo wa saa moja hivi kutoka hapa, mwalimu Robert Meyer alikuwa kwenye shule ndogo ya kanisa anamsomesha mtoto wa miaka kumi hadithi za Biblia kwa Kijerumani, muda wa mapumziko. Mwanasheria wa kaunti akaingia. Meyer hakubadili lugha, akaendelea kusoma. Akapigwa faini dola 25. Angelipa yakaisha, dola 25. Akakataa, kesi ikapanda mpaka mahakama ya juu kabisa ya Marekani, na tarehe 4 Juni 1923 majaji saba kati ya tisa wakasema sheria ile ni batili, mzazi ana haki ya kutaka mtoto wake afundishwe lugha yao. Darasa letu la Kiswahili la Jumamosi hapa ukumbini, ambalo wengine mnaogopa litawaharibia watoto Kiingereza, linasimama juu ya mgongo wa yule mwalimu.

Wakati huo huo kule Genoa, jimbo hili hili, kulikuwa na shule ya bweni ya serikali kwa ajili ya watoto wa makabila ya asili, kuanzia 1884 mpaka 1934, watoto walichukuliwa mbali na wazazi, wakanyolewa nywele, wakakatazwa lugha zao, na wengine hawakurudi nyumbani. Kule hakukuwa na bodi ya majirani watatu. Hakuna baba aliyeulizwa. Nikiiweka Genoa na ile ya chumba kimoja pamoja kichwani naona tofauti yake haikuwa vitabu wala jengo, Genoa ilikuwa na majengo mazuri kuliko chumba chochote cha udongo.

Mwanzoni mwa karne ya 20 nchi hii ilikuwa na shule za chumba kimoja kama 200,000. Alafu yakaja magari, barabara, mabasi ya shule ya rangi ya njano, dhoruba za vumbi za miaka ya 1930 zikafukuza familia nyingi mashambani, wakasema shule ziunganishwe. Kwa upande wa maabara na walimu wa masomo walikuwa sahihi, siwezi kubisha. Lakini vijiji vilipigana. Mwaka 2005 bunge la jimbo letu lilipitisha sheria ya kufuta vieneo vidogo vya shule za msingi vijijini, wananchi wakakusanya saini, Novemba 2006 wakaipigia kura sheria ile ikafutwa, ila shule zilikuwa zimeshaunganishwa tayari. Hela zimeshahesabiwa na deski zimeshahamishwa.

Sasa dada yangu, uko hapa nimekuona. Mkutano wa wazazi ni Jumanne saa kumi na mbili na nusu jioni. Mkalimani ukimwomba mapema analetwa, ni haki yako, na kama hayupo mimi nitakuja nikae pembeni yako nitafsiri. Na lile swali lako la basi kumwacha mtoto kona yenye barabara kubwa, liulize lile lile.

Kwa wanaotaka kwenda Beatrice, tunaondoka hapa Jumamosi ijayo saa mbili asubuhi, ni kama saa moja njiani, hakuna kiingilio, watoto wote waje na makoti hata kama asubuhi itakuwa na joto.